Kabla Uandike "Haki Imepatikana"

Wasee, wacha nianze na makosa yangu mwenyewe.

Ijumaa ya tarehe 7 Novemba 2025 nilikuwa nimekaa kwa duka la kuchaji simu hapa Longisa, nikingoja betri ifike angalau asilimia 20. Habari ikaingia: mwanajeshi wa zamani wa Uingereza amekamatwa huko kwao kuhusiana na mauaji ya Agnes Wanjiru, yule dada wa Nanyuki aliyepotea 2012. Mimi huyo, kamera. Sekunde 40. Juu yake nikaandika kwa herufi kubwa: HAKI IMEPATIKANA. Nikaposti, nikaenda nyumbani nikijiskia kama mtu amefanya kazi ya maana.

Jioni nikamwonyesha kogo. Kwa wale si Wakalenjin, kogo ni nyanya. Alikuwa anachambua maharagwe, na hata hakuacha mikono. Alitazama video mpaka mwisho, akaniuliza swali moja tu.

"Amefungwa?"

Nikamwambia bado, amekamatwa tu.

"Hata wale wa msichana wa Mara walikamatwa," akasema. "Walikamatwa mara mbili."

Sikuwa najua anaongea juu ya nani. Mimi ni mtu wa miaka 22, niliacha chuo mwaka wa pili karo ikikataa, na cheka tu, somo nililokuwa nasomea lilikuwa historia. Na hapa kuna mama mzee anajua kesi iliyotokea pale chini yetu, na mimi sijawahi kuisikia. Usiku huo nilimaliza bando nikisoma. Hii posti ndiyo ile video ilipaswa kuwa.

MSICHANA WA MARA

Kwanza uelewe tuko wapi. Longisa iko Bomet, kwa ile barabara inatoka Bomet mjini ikielekea Mulot hadi Narok. Ukipanda upande wa Kericho, chai inafunika vilima mpaka macho yachoke. Ukishuka upande wa pili, ardhi inakauka polepole na unaingia Umaasaini. Hata mito yetu inaenda huko: Nyangores na Amala zinashuka kutoka Mau, zinakutana, zinakuwa Mto Mara. Kwa hivyo Kogo akisema "Mara", anaongea juu ya jirani.

Julie Ward alikuwa Mwingereza wa miaka 28, mpenzi wa kupiga picha za wanyama. Alikuja Afrika mwanzoni mwa 1988. Septemba hiyo alikuwa Maasai Mara na gari dogo aina ya Suzuki, likaharibika, likatengenezwa. Tarehe 6 Septemba akaenda kambi ya Sand River, karibu na mpaka wa Tanzania, kuchukua hema na vitu vyake. Akaondoka hapo. Hakuonekana tena akiwa hai.

Baba yake, John Ward, alikuwa na hoteli huko Uingereza. Alipopata habari binti hajulikani aliko, alipanda ndege akaja, akakodi ndege za kutafuta. Tarehe 13 Septemba gari likaonekana kutoka juu, limekwama kwa korongo, na juu ya paa limeandikwa SOS kwa matope. Siku hiyo hiyo, kilomita kadhaa kutoka hapo, yakapatikana mabaki: sehemu ya mguu, sehemu ya taya, na majivu ya moto.

Sasa skiza vizuri, kwa sababu hapa ndipo mambo yaliharibika.

Daktari wa serikali, Adel Shaker, aliyechunguza mabaki aliandika kwamba mifupa ilikatwa na kitu chenye makali. Yaani ni mtu aliyefanya hivyo. Ripoti ilipopita kwa mkubwa wake, mkuu wa wapasuaji maiti wa polisi, maneno yakabadilishwa. Palipokuwa pamesema imekatwa, pakasema imeraruka. Ukikata, unahitaji panga, na panga linahitaji mkono. Ukirarua, simba anatosha. Msimamo wa wakubwa ukawa kwamba ni wanyama.

Kwa nini mtu abadilishe neno moja? Kumbuka ni 1988. Kenya ya chama kimoja, na utalii ulikuwa umeshakua mpaka unashindana na chai na kahawa kuleta pesa za kigeni. Mtalii kuliwa na simba ni bahati mbaya. Mtalii kuuawa na binadamu ndani ya hifadhi ni hasara ya nchi.

Baba yake hakukubali. Alimtafuta daktari, akaitafuta ripoti ya kwanza, akapeleka mabaki yakachunguzwe Uingereza. Mwaka wa 1989 kukawa na uchunguzi wa kifo mbele ya hakimu Joseph Mango. Uchunguzi wa aina hii si kesi ya kumfunga mtu. Hakuna anayesimama kizimbani. Hakimu anauliza tu: nani alikufa, wapi, lini, na kwa njia gani. Hakimu Mango akasikiza wote, akaamua kwamba Julie Ward aliuawa. Kuanzia hapo simba wakatoka kwa hadithi.

Baadaye makachero wa Scotland Yard wakaja, mwaka wa 1990. Askari wawili wa hifadhi wakakamatwa na kushtakiwa. 1992 wakaachiliwa, ushahidi haukutosha. Miaka ikapita. 1997 faili likafunguliwa upya na makachero wa Kenya, na Julai 1998, karibu miaka 10 kamili tangu apotee, aliyekuwa mkuu wa askari wa hifadhi akakamatwa. Fikiria vile magazeti yalikuwa. Fikiria kama kungekuwa na simu kama hizi zetu, vile mtu kama mimi angewasha kamera. Septemba 1999 jaji akamwachilia pia. Ushahidi ulikuwa wa kubahatisha kutoka kwa mazingira, hakuna kilichomshika moja kwa moja. Kwa sheria, hao wote watatu hawana hatia, na ndiyo maana majina yao sitaandika.

John Ward hakuacha. Alikuja Kenya zaidi ya mara 100. Alitumia karibu pauni milioni 2. 2004 uchunguzi mwingine wa kifo, wa huko Uingereza, ukasema tena binti yake aliuawa, na polisi wa kwao waliotazama jambo hilo wakawakosoa hata maafisa wa ubalozi wa Uingereza. Mzee akafariki 2023. Hakuna mtu amewahi kupatikana na hatia.

Kwa hivyo Kogo alikuwa sawa. Walikamatwa mara mbili.

AGNES

Sasa rudi kwa habari yangu ya Novemba.

Agnes Wanjiru alikuwa na miaka 21. Mwaka mmoja chini yangu. Alikuwa na mtoto msichana wa miezi 5. Nanyuki ni mji ambao wanajeshi wa Uingereza wamekuwa wakifanya mazoezi miaka nenda miaka rudi, na wakitoka kambini wanajaa kwa vilabu. Usiku wa tarehe 31 Machi 2012, Agnes alikuwa na marafiki kwa hoteli ya Lion's Court. Wanajeshi walikuwa hapo. Asubuhi hakurudi kwa mtoto wake.

Familia ilimtafuta. Hawakuwa na hoteli yao, hawakuwa na ndege ya kukodi. Mwili wake ulipatikana Juni, ndani ya tangi la maji taka la hoteli hiyo hiyo alikoonekana mara ya mwisho. Alikuwa amedungwa kisu.

Nataka usimame hapo kidogo. Hifadhi ya Maasai Mara ina karibu kilomita 1,500 za mraba, nyasi, vichaka na makorongo. Julie Ward alipatikana kwa wiki moja. Agnes alikuwa kwa uwanja wa hoteli moja, katikati ya mji, na ilichukua zaidi ya miezi miwili.

Siandiki hivi kumlaumu John Ward. Mzazi yeyote mwenye uwezo angefanya alichofanya, na mimi ningetaka baba yangu afanye hivyo. Ninachosema ni kwamba wiki ya kwanza iko na bei, na si kila familia inaweza kuilipa.

Baada ya hapo, kimya. Faili la Agnes likakaa. Halafu ukaja tena uchunguzi wa kifo mbele ya hakimu, safari hii Njeri Thuku wa Nanyuki. Novemba 2019 akaamua kwamba Agnes aliuawa, na kwamba waliofanya hivyo walikuwa mwanajeshi mmoja au wawili wa Uingereza. Mahakama ya Kenya ilisema hivyo, kwa maandishi. Na nchi haikusimama. Mimi nilikuwa shule ya upili, sikumbuki hata kusikia.

Ilifika 2021 ndipo gazeti la Uingereza, Sunday Times, likaandika kwamba kuna wanajeshi walikuwa wakijua, na kwamba wenzao walikuwa wakifanyia kifo chake mzaha mtandaoni. Hapo dunia ikaamka. Lakini gazeti halikuanza na hewa. Lilikuwa na uamuzi wa hakimu wa kusimamia, na lilikuwa na familia ambayo bado ilikuwa inaongea: dada yake aliyebaki na mtoto, na mpwa wake aliyekuwa mdogo wakati shangazi anapotea, akakua akawa sauti ya familia. Mpwa huyo ni rika letu. Alianza kuuliza akiwa mtoto na hakuacha.

Tarehe 16 Septemba 2025, Jaji Alexander Muteti wa Mahakama Kuu jijini Nairobi akatoa agizo la kumkamata mshukiwa. Novemba akakamatwa huko Wiltshire na kufikishwa mbele ya mahakama ya London. Yeye anakana. Kilichoanza hapo ni kesi ya kama ataletwa Kenya, na kesi yenyewe ya mauaji ingekuja baada ya hiyo. Jina lake liko kila mahali, mtaliona. Hapa kwangu halihitajiki. Kama kuna kitu nimejifunza kwa ile ya Mara ni kwamba mtu aliyekamatwa bado hajapatikana na hatia, na tukijifanya mahakimu kwa komenti hatumsaidii Agnes hata kidogo.

Yule mtoto wa miezi 5 sasa ameingia miaka ya ujana. Yaani ana umri wa wengi wenu mnaosoma hapa.

KILICHOFUNGUA MLANGO

Nilikaa na hizi kesi mbili nikazipanga kando kando. Mwanzoni niliona tofauti tu. Mzungu na Mwafrika. Tajiri na maskini. Mtalii aliyeuawa kwetu, na mwenyeji anayedaiwa kuuawa na mgeni. Na tofauti hizo ni za kweli, usiniambie sivyo.

Lakini kuna kitu kimoja kiko sawa kabisa. Kesi zote mbili zilikuwa karibu kufa, na zote mbili zilishikwa mkono mahali pamoja: kwa korti ndogo ya hakimu, kwa ule uchunguzi wa kifo ambao hakuna mtu huposti. 1989 na 2019. Miaka 30 kati yao. Bila Hakimu Mango, Julie angebaki mtu aliyeliwa na simba. Bila Hakimu Thuku, Agnes angebaki mwili uliopatikana kwa tangi.

Na kingine: kilichokuwa kinaua kesi ni kile kile. Mwanzo mbaya. Ripoti iliyoguswa, siku za kwanza zilizopotea, mashahidi walioachwa waende. Pauni milioni 2 zilileta ndege, zikaleta wataalamu, zikaleta hata kukamatwa mara mbili. Hazikuweza kurudisha wiki ile ya kwanza ikaandikwe upya. Jaji anahukumu kwa kilicho mbele yake. Kama ushahidi ulichafuliwa 1988, 1999 bado utakuwa mchafu.

Ndiyo maana ile HAKI IMEPATIKANA yangu nimeifuta. Kukamatwa kunamaanisha kuna mtu amekubali kuuliza kwa sauti. Ni kitu kikubwa, haswa kwa familia iliyongoja miaka 13. Lakini kusherehekea kisha kuzima simu ndiyo njia ya kuhakikisha hata hii inaisha kama ya Mara.

SABABU YA KUWAANDIKIA NYINYI

Kuna mama anaishi nyumba tatu kutoka kwetu. Tunamuita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na hilo jina sitaliweka hapa. Kitindamimba chake aliondoka 2019 kwenda kutafuta kibarua. Alipiga simu siku ya kwanza, akapiga siku ya pili, ya tatu simu ikazima. Mpaka leo.

Mama alienda kituo cha polisi, ambacho pia sitakitaja. Akaambiwa arudi baada ya siku kadhaa, labda kijana ako na marafiki. Akarudi. Akaandikiwa nambari ya OB kwa kipande cha karatasi. Kila akienda kuuliza anakuta askari mpya, anaeleza upya kuanzia mwanzo. Mara ya mwisho aliambiwa kitabu cha mwaka huo kiliwekwa stoo.

Sasa watu wameanza kumshauri. Wanamwambia sheria iko na miaka 7. Na ni kweli: kwa Sheria ya Ushahidi ya Kenya, mtu asiposikika kwa miaka 7 na watu ambao wangepaswa kumsikia, korti inaweza kuchukulia amekufa. Wanamwambia ngoja 2026 ufanye hivyo, upate karatasi, umalize, upumzike.

Yeye hataki karatasi ya kusema amekufa. Aliniambia hivi: "Wakiniambia amekufa, watakuwa wameniambia nini? Mimi nataka kujua alifika wapi."

Nilipomaliza kusoma juu ya Mango na Thuku ndio nikaelewa alichokuwa anasema. Ile ya miaka 7 inafunga mlango bila kuuliza chochote. Lakini kuna njia nyingine, na niliipata kwa Sheria ya Taratibu za Kesi za Jinai, kifungu cha 386. Inasema polisi akipata habari za mtu aliyejiua, aliyeuawa, aliyekufa kwa njia ya kutiliwa shaka, ama, na hapa ndipo niliruka kwa kiti, mtu aliyepotea na anayeaminika amekufa, anapaswa kumjulisha hakimu wa karibu mwenye uwezo wa kufanya uchunguzi. Hata kama mwili haujapatikana. Miaka yote hiyo hakuna mtu alimwambia huyu mama hivyo.

Hakimu hawezi kumrudisha kijana. Pengine hata hatajua alifika wapi. Lakini anaweza kuita watu wakaapa na kuongea: aliyempa kibarua, aliyempigia simu ya mwisho, aliyekuwa zamu siku mama alipofika. Na akishaandika, kimeandikwa. Hakuna anayekipeleka stoo. Miaka 10 ikipita, mpwa fulani anaweza kuamka na kusimama juu ya hayo maandishi.

Kwa hivyo kama kwenu kuna mtu amepotea, wacha nikuambie kama ndugu. Usingoje saa 24, hakuna sheria inasema ungoje. Nenda uripoti, upate nambari ya OB, uipige picha, uitume kwa watu watatu. Andika jina la askari aliyekuhudumia na tarehe. Andika nguo alizovaa, simu aliyokuwa nayo, mtu wa mwisho aliyeongea naye, na uandike leo, kwa sababu mwaka ujao utakuwa umesahau rangi ya koti. Na mmoja wenu kwa familia achukue kazi ya kuuliza, iwe kazi yake, si ya kila mtu.

Hapa kwetu huyo mmoja nimekuwa mimi. Karatasi ya mama ilikuwa imeanza kufutika, wino umepauka, nambari moja haikuwa wazi kama ni 3 ama 8. Tumekaa chini na tochi ya simu tukakubaliana ni 8. Jumatatu tunaenda pamoja, kituoni kwanza, halafu kortini Bomet kuuliza huo uchunguzi unaanzaje.

Kogo amesema nivae shati iliyopigwa pasi, na kamera ibaki nyumbani.